Wale wazee wa Kiuzbeki kwenye klipu wanatukanana? Hapana, wanacheza askiya

Swali limetoka kwa msomaji wa Tanga, nalifupisha. Katumiwa klipu wasap, wazee wawili wamevaa kofia nyeusi za pembe nne zenye nakshi nyeupe, wamekaa wanatazamana, mmoja anasema sentensi moja tu umati unaangua kicheko, watu wanajifuta machozi, mwenzake anajibu, kicheko tena, inaendelea hivo mpaka klipu inaisha. Chini imeandikwa "askiya, Uzbekistan". Anauliza: "Mwalimu, hawa wanatukanana? Ina tofauti gani na mipasho yetu au utani? Na je wanakariri nyumbani au inatoka papo hapo?"

Ndugu yangu wa Tanga, umenigusa penyewe kabisa, mi fasihi simulizi ndo kazi yangu na katika michezo yote ya maneno niliyowahi kuisikiliza hii naiweka juu sana, kwaiyo nivumilie ntakuwa mrefu.

Kwanza jina. Askiya linatokana na Kiarabu, mzizi uleule wa neno la mtu mwerevu, mwenye akili nyepesi kama wembe. Wauzbeki wanamwita mchezaji wake askiyachi. Mchezo wenyewe ni majibizano ya watu wawili, au makundi mawili, mbele ya watu, na kwao hasa ni bonde la Farg'ona, mashariki ya Uzbekistan, miji kama Qo'qon, Marg'ilon na Andijon, ingawa hata Toshkent wanaucheza. Mwaka 2014 UNESCO waliuingiza kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni usioshikika kwa mkono, na humo wanasema aina za askiya zinazojulikana zinapita 30. Wachezaji wengi ni wanaume, hilo ntalirudia.

Sasa kiini chake, na hapa naomba usiruke. Aina inayopendwa kuliko zote inaitwa payrov. Ni neno la Kiajemi, maana yake anayefuata nyayo. Wanakubaliana mada kabla ya kuanza, tuseme matunda, au mapishi, au farasi, au majina ya vijiji, au nyimbo, na kuanzia hapo kila sentensi ya kila mmoja lazima iwe na neno la mada ile, afu neno hilohilo libebe maana ya pili inayomlenga mwenzake. Ukitoka nje ya mada umeshindwa. Ukikosa jibu umeshindwa. Ukikasirika umeshindwa vibaya zaidi, na watu watakukumbusha miaka.

Kwa maelezo tu huwezi kuionja, kwaiyo acha nikutungie ya kwetu, mada iwe samaki, wazee wawili wa pwani wamekaa barazani.

— Shehe, mbona kila chombo kikitia nanga we unakimbilia changu tu?

— Afadhali mimi ndugu yangu, we ukikaribishwa kwa watu ukiambiwa kaa, unauliza wa nazi au wa kuchoma.

— Nauliza kwa sababu nilipokuja kwako giza limeingia nikaomba taa nione ninachokula, ukaniletea na mchuzi.

— Ungeona nini na we ulishakuwa pono?

Umeiona? Changu ni samaki na changu ni mali yangu, mtu kaambiwa ana uchoyo. Kaa ni wa baharini na kaa ni keti, mwenzie kaambiwa mlafi. Taa ni ile ya mwanga na taa ni yule samaki bapa mwenye mkia, mwenye nyumba kaambiwa hana hata mafuta ya kibatari. Na pono ni samaki wa usingizi mzito, kila mtu wa pwani anajua anavyolala. Hakuna tusi hata moja mle ndani, ukimpeleka mtu mahakamani utashtaki nini, samaki? Na bado kila mmoja kapigwa. Sasa fikiria mambo hayo yanaenda nusu saa bila kusimama, kwa mada moja, na wasikilizaji elfu moja wanajua samaki wote kwa majina na wanakusubiri ukosee.

Kwa Kiuzbeki inakubali sana kwa sababu lugha yao imejaa maneno pacha. Olma ni tofaa, na olma ni "usichukue". Tut ni tunda la mforosadi, yale ya mti unaolisha viwavi wa hariri, na tut ni "shika! kamata!". Ot ni farasi, ni jina, na ni "tupa". Kul ni majivu na kul ni "cheka". Kwaiyo payrov ya matunda unaweza kuianza hivi (hii nimeitunga mwenyewe ili uone, sijaichukua kwa askiyachi yeyote): wa kwanza anasema, nilikuachia bustani nzima ujichumie, mbona umetoka mikono mitupu? Wa pili anajibu, kila mti niliousogelea uliniambia olma. Wa kwanza anamaliza, huo ndo mti wangu wenye adabu, shukuru hukupita upande wa pili, kule ungekuta tut.

Yani miti ya upande wa pili ingepiga kelele za mwizi. Kwa Kiswahili lazima nieleze ndo ucheke, kwa wao kicheko kinatoka kabla sentensi haijaisha, na ndo maana kwenye klipu yako unaona umati unalipuka wakati mzee bado mdomo uko wazi.

Kuna neno lingine nalipenda, qovoq. Ni malenge, na pia ni kigubiko cha jicho. Mtu aliyenuna Wauzbeki wanasema theluji inadondoka kutoka kwenye vigubiko vya macho yake. Sasa mada ikiwa mboga halafu mpinzani akaanza kukunja uso, ujue kajichimbia, ataulizwa tu kwa upole kabisa mwaka huu malenge yamekubali sana kwako eh?

Kuhusu swali lako la kukariri. Mada za kawaida askiyachi mzoefu anazijua kama mvuvi anavyojua miamba, ana akiba ya maneno ya kilimo, ya muziki, ya ufundi, kakusanya maisha yake yote. Lakini jibu hawezi kuliandaa kwa sababu hajui mwenzie atasema nini, na jibu zuri ni lile linaloshika neno la mwisho la mpinzani likamrudia mwenyewe. Akiba ya nyumbani, pigo la papo hapo. Hata malenga wetu wa kujibizana jukwaani walikuwa hivohivo, vina wanavyo kichwani, beti linazaliwa pale.

Nilishawahi kukaa kunywa chai kwenye choyxona moja Marg'ilon, choyxona ni nyumba ya chai, neno la chai ni lilelile letu. Unakaa juu ya kitanda kipana cha mbao chenye meza fupi katikati, viatu unaacha chini. Chai ya kijani, anayemimina anaimimina kwanza kwenye kibakuli anairudisha birikani, mara tatu, ndo inaanza kunyweka, na mgeni wa heshima anamiminiwa kidogo kidogo, maana ukijaziwa kibakuli ni kama umeambiwa kunywa uondoke. Wazee wawili wakaanza, mada ilikuwa useremala. Jamaa aliyenisindikiza akanitafsiria sentensi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne akafungua mdomo akaufunga, akaanza kucheka mwenyewe mpaka akalala upande, na mimi nimekaa na kibakuli changu mkononi kama mtoto aliyechelewa kufika harusini. Niliposisitiza akanambia "mwalimu, hiyo lazima uwe umezaliwa". Kilichonishika siku ile ni yule mzee aliyekuwa amepigwa. Alicheka kuliko wote. Akapiga goti lake, akaweka mkono kifuani kumpa mwenzake heshima, kama wanavyosalimiana wao, na akiwa bado anacheka nikaona macho yake yametulia, yanatafuta. Sekunde mbili tatu, akajibu. Kile kicheko ndo kilikuwa muda wake wa kufikiri.

Sasa tofauti na mipasho. Kwenye mipasho ya taarabu anayepigwa hana maikrofoni. Anaweza kuwa amekaa pale mbele, anaweza kuwa jirani, hatajwi, na raha yote iko kwenye kumjua bila kutajwa, afu mtu anainuka kwenda kutunza ili ujumbe ufike. Askiya haiko hivo, unayempiga amekaa mbele yako na zamu inayofuata ni yake. Utani wetu nao, Mchaga na Mpare mathalani, ruhusa inatokana na ukoo na kabila, umezaliwa mtani wangu basi nina haki ya kukwambia lolote hata msibani. Kwenye askiya hakuna haki ya kuzaliwa, ruhusa mnapeana pale mnapokaa, na inalindwa na mada. Ukitaka cha karibu zaidi kwetu mi naona ni malumbano ya washairi ukiyachanganya na utani, yani adabu ya ushairi na uhuru wa utani kwenye sahani moja.

Adabu yenyewe inasikika hadi kwenye viambishi. Kiuzbeki kina "wewe" mbili, sen ya mtoto au rafiki wa karibu, na siz ya heshima. Kuna aina ya askiya inaitwa gulmisiz, rayhonmisiz, jambilmisiz, maana yake "je, u ua, u mrehani, au u jambil?", jambil ni majani ya kunukia jikoni, na hiyo -siz mwishoni ndo ile ya heshima. Mtu anakuuliza wewe ni ua gani, kwa heshima zote, huku anakutayarishia shimo. Aina nyingine ni o'xshatdim, "nimefananisha". Mmoja anatangaza amemfananisha mwenzie, mwenzie lazima aulize na nini, na jibu lazima liwe mfanano ambao kila aliyepo akimwangalia yule mtu anaona kweli bwana. Hii ni ngumu kuliko inavyosikika, mfanano ukiwa wa uongo hakuna anayecheka na ukiwa wa kikatili pia hawacheki.

Mahali inapokulia ni penye watu wanaoaminiana. Wauzbeki wana kitu kinaitwa gap, neno lenyewe maana yake ni "mazungumzo". Marafiki wa rika moja wanakutana kwa zamu, leo kwako mwezi ujao kwangu, wanapika palov (ndio, pilau yetu na palov yao ni neno moja, yao ina karoti nyingi na mafuta ya kondoo), na vikundi vingi wanachangishana pesa anachukua mmoja, hapo wakina mama wa kwetu wa upatu wanajua ninachosema. Kijana anaingia kwenye gap anasikiliza wakubwa wake miaka, ananyamaza, siku moja anatupa sentensi moja, ikichekesha watu basi kaanza. Shule yenyewe ndo hiyo. Afu kuna harusi, kuna Navro'z ya tarehe 21 Machi, kuna sherehe za mavuno, hapo askiya inatoka barazani inaenda kwa umma.

Ina umri gani? Tuna ushahidi mzuri wa karne ya 15, mji wa Herat, ambao leo uko Afghanistan. Mshairi Alisher Navoiy (1441–1501), ambaye Wauzbeki wanamheshimu kama baba wa fasihi yao, alikuwa anakusanya watu wa maneno makali kwenye vikao vyake, na Zayniddin Vosifiy, aliyezaliwa Herat 1485, ameacha kumbukumbu zinazoeleza vikao hivyo na wacheshi waliokuwepo, mmoja akiitwa Mir Sarbarahna. Na Navoiy huyohuyo kitabu alichokiandika 1499 kuilinganisha lugha yake ya Kituruki na Kiajemi, hoja yake mojawapo ilikuwa utajiri wa maneno yenye maana nyingi, akataja mfano wa ot, ile niliyokwambia hapo juu! Wana hata shairi lao linaloitwa tuyuq, mistari minne, vina vyake ni neno lilelile kila mara kwa maana tofauti. Kwaiyo ukiona wazee wa choyxona wanacheka olma na tut, ile ni ladha ya washairi wao wakubwa imeshuka mpaka kwa fundi seremala, na mimi hilo linanifurahisha mno, yani hakuna ukuta kati ya mshairi wa ikulu na muuza matikiti.

Ndugu wa karibu wa askiya ni masxaraboz. Lisome polepole: masxara-boz. Ni masihara yetu, Kiarabu kilekile, ukaongezewa -boz ya Kiajemi, mchezaji. Mcheza masihara. Hawa ni waigizaji, wanatumia mwili, sura, sauti za wanyama, wanaigiza kadhi mla rushwa (wao wanasema qozi), mudarisi asiyejua anachofundisha, tabibu tapeli. Farg'ona wanamwita pia qiziqchi. Jina kubwa kuliko yote hapo ni Yusufjon qiziq Shakarjonov wa Marg'ilon, 1869 mpaka 1959. Angalia hiyo miaka. Amezaliwa khanati (ufalme) ya Qo'qon bado ipo, ikafutwa na Warusi 1876 akiwa mtoto, akakua chini ya mfalme wa Urusi, akazeeka chini ya Wasovieti, na miaka yote hiyo watu wanacheka. Alikuwa qiziqchi na askiyachi kwa pamoja, na kizazi kilichokuja baada yake kimeyapata mengi kupitia kwake.

Kuna na lof, mashindano ya kutia chumvi, huyu anasema tikiti la baba yangu lilibebwa na ngamia wawili, yule anasema la kwetu tulilifanya daraja, anayeshindwa kuongeza ndo basi. Hiyo ni nyepesi zaidi, hata watoto wanacheza.

Latifa utazitambua mwenyewe bila msaada wangu. Ni visa vifupi vya Nasriddin Afandi na punda wake, sanamu yake iko Bukhara pembeni ya bwawa la Labi Hovuz tangu 1979, na 2022 UNESCO waliorodhesha usimulizi wa visa vyake kwa nchi 7 pamoja, Uzbekistan ikiwemo. Kile kisa cha aliyeazima sufuria akairudisha na kisufuria kidogo ndani akasema imezaa, mwenyewe akafurahi, mara ya pili akaambiwa sufuria imefariki? Sisi tumekisikia kwa Abunuwasi, wao wanakisimulia kwa Afandi. Kisa ni kimoja, kimesafiri na wafanyabiashara na mashehe, kimeshuka huku na majahazi kikapanda kule na misafara.

Wanawake nilisema ntarudi. Kwenye askiya ya hadharani hutawaona wengi, lakini maneno makali ya Kiuzbeki hayaishii kwa wanaume hata kidogo. Wana lapar, majibizano ya kuimba, mara nyingi upande wa wavulana na upande wa wasichana, harusini hasa, beti linatupwa linarudishwa, kuna mapenzi mle na kuna vijembe vya hatari. Watafiti wengi wa zamani walikuwa wanaume, walikaa choyxona, wakaandika walichokisikia choyxona, kwaiyo mi huwa nawasihi wanafunzi wangu wakisoma "sanaa ya wanaume" waulize nani alikuwa anaandika na alikuwa amekaa wapi.

Kitu kinachonipa wasiwasi ni kimoja, nakwambia kwa uchungu. Askiya inahitaji mtu ajue majina ya aina za tikiti, sehemu za jembe, hatua za kufuma hariri, majina ya makam (ngazi za sauti) za muziki, kwa sababu hayo ndo maneno pacha yanapotoka. Kijana aliyekulia mjini na simu anajua lugha ya kutosha kuongea, ila hajui lugha ya kutosha kucheza. Jukwaani siku hizi wachekeshaji wa Uzbekistan ni wengi na wanajaza kumbi, ila wengi wanasimama peke yao wanasimulia visa, na hiyo ni sanaa nzuri pia, lakini peke yako hakuna wa kukurudishia neno lako. Sisi nasi tujiangalie, nimeandika mfano wa samaki hapo juu nikijua kuna wasomaji watakaouliza pono ni nini.

Kwaiyo rudi kwenye klipu yako ndugu yangu. Usihangaike na maneno kwa sasa. Iangalie mara moja ukimfuata tu yule anayesikiliza, si anayeongea. Utaona anavyocheka, mkono unavyokwenda kifuani au gotini, afu kuna pale kicheko chake kinapobaki mdomoni tu na macho yameshaondoka. Hesabu sekunde. Afu iangalie mara ya pili ukisikiliza neno gani linajirudia kwa wote wawili, hata kama hulielewi, maana lazima kuna ukoo mmoja wa maneno unaorudi rudi, hiyo ndo mada. Likipatikana hata moja niandikie jinsi ulivyolisikia, ntakutafutia maana zake zote mbili.